Vipepeo wa Michoacán na Neno "Kugundua"

Tarehe 2 Januari 1975, Mmarekani aitwaye Ken Brugger na mwenzake Catalina Aguado, dada wa Kimeksiko mwenye miaka ishirini na kitu, walipanda mlima Cerro Pelón, katika jimbo la Michoacán, Meksiko. Huko juu, kwenye mita kama 3,000 kutoka usawa wa bahari, wakakuta miti iliyoinamisha matawi kwa uzito. Haikuwa theluji, wala hayakuwa matunda. Walikuwa vipepeo. Mamilioni ya vipepeo wa rangi ya chungwa, mabawa yamefungwa, wameshikana kama majani makavu kuanzia shinani hadi karibu na kilele, mti baada ya mti. Siku saba baadaye Brugger akapiga simu Toronto, Kanada, kwa profesa mmoja aliyekuwa ametafuta jibu hilo kwa karibu miaka 40.

Vitabu vingi vinaiandika habari hii kwa sentensi moja: mwaka 1975 yaligunduliwa makazi ya majira ya baridi ya kipepeo aitwaye monarch. Hilo neno "yaligunduliwa" ndilo limenikalisha chini kuandika. Sisi tuliokaririshwa darasani kwamba John Speke aligundua Ziwa Nyanza mwaka 1858 tunalifahamu vizuri. Tunajua kwamba wafanyabiashara wa Kazeh, Tabora ya leo, ndio waliomwambia kuna ziwa kaskazini. Tunajua Sidi Mubarak Bombay alikuwa naye safarini, na kwamba walipofika ziwani watu walikuwa wanavua samaki zao kama kawaida. Kwa hiyo ni rahisi kuisoma habari ya Cerro Pelón na kusema, aah, ni yale yale.

Kwa sehemu ni yale yale kweli. Lakini habari ya vipepeo hawa ina kona ambayo ile ya Speke haina, na ili kuifikia kona hiyo lazima kwanza tumjue mdudu mwenyewe.

Kwa Kiingereza jina lake lina maana ya mfalme, na Wameksiko humwita monarca. Mimi nitamwita monaki, tuelewane. Msweden Linnaeus alimwingiza kwenye orodha yake ya viumbe mwaka 1758. Kwa sura hatumshangai sana, kwa sababu ndugu yake anaishi kwetu: yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe, anayeruka taratibu kando ya mashamba na viwanja vya wazi kana kwamba hana haraka na mtu. Wataalamu humwita Danaus chrysippus, na monaki ni Danaus plexippus. Ukoo mmoja. Wote wawili hutaga kwenye mimea ya jamii moja, ile ambayo ukivunja jani lake linatoka utomvu mweupe mithili ya maziwa. Na wote wawili hawana haraka kwa sababu ile ile: ni wachungu.

Uchungu huo hawazaliwi nao, wanaula. Jike la monaki hutaga yai mojamoja, mara nyingi upande wa chini wa jani, yai dogo kama kichwa cha pini. Baada ya siku kama nne anatoka kiwavi, anaanza kwa kula ganda la yai lake mwenyewe, kisha anageukia jani. Hataki jani lolote, anataka la mmea ule wa utomvu tu. Mnyime huo, atakufa na njaa katikati ya bustani iliyojaa kijani. Kwa wiki mbili hivi kazi yake ni kula na kuvua ngozi iliyombana, hadi uzito wake unakuwa umeongezeka zaidi ya mara elfu moja. Ana mistari myeusi, ya njano na myeupe, haonekani kujificha hata kidogo. Akishiba anatafuta mahali pa kujining'iniza kichwa chini, anajikunja mfano wa herufi J, anavua ngozi kwa mara ya mwisho na kugeuka pupa: kifuko cha kijani kibichi chenye vidoa vinavyong'aa kama dhahabu. Siku kumi hadi kumi na nne baadaye kifuko kinakuwa kama kioo, unaona rangi ya chungwa ndani, kisha kipepeo anatoka na mabawa yaliyokunjamana kama nguo iliyotoka kwenye begi.

Sumu ya utomvu ni ya aina inayogusa moyo, na kiwavi huihifadhi mwilini hadi anapokuwa kipepeo. Mtafiti Mmarekani Lincoln Brower, ambaye jina lake litarudi huko mbele, alijipatia umaarufu miaka ya 1960 kwa majaribio ya kuwalisha ndege wa rangi ya buluu vipepeo hawa. Ndege alikula mmoja, akatapika, na toka hapo akimwona monaki anageuza uso. Picha ya ndege anayetapika imeingia kwenye vitabu vingi vya biolojia. Namwonea huruma ndege yule, lakini somo lilieleweka.

Sasa njoo kwenye safari, maana hapo ndipo ilipo kazi.

Monaki anayezaliwa Juni kusini mwa Kanada au kaskazini mwa Marekani anaishi wiki mbili hadi sita akiwa na mabawa. Anapandana, anataga, anakufa. Watoto wake vivyo hivyo. Lakini wale wanaotoka kwenye pupa mwishoni mwa Agosti na Septemba ni watu wengine kabisa. Siku zimeanza kufupika, baridi inabisha hodi, na miili yao inapokea taarifa hiyo: viungo vya uzazi vinabaki havijakomaa. Hawapandani. Badala yake wanakunywa nekta, wanajaza mafuta tumboni na kugeukia kusini. Hawa wanaishi miezi minane, hata zaidi. Ni kama familia ambayo kila mtu hufa kijana, halafu kizazi cha nne kinafika uzeeni.

Na wanasafiri. Wengine hutoka Kanada hadi katikati ya Meksiko, zaidi ya kilometa 4,000, mdudu mwenye uzito wa kama nusu gramu. Anapanda juu kwa hewa yenye joto kama afanyavyo tai, kisha anateleza, anapunguza matumizi ya mafuta. Anashika uelekeo kwa kuliangalia jua, na kwa kuwa jua nalo linatembea, ana saa mwilini ya kumrekebishia hesabu. Maabara ya Steven Reppert huko Massachusetts ilionyesha kwamba sehemu ya saa hiyo ipo kwenye papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani. Ukizikata, kipepeo bado anaruka vizuri, ila hajui kusini ni wapi.

Majira ya kuchipua, katikati ya Machi, walioponea baridi wanaondoka milimani, wanapandana, wanafika kusini mwa Marekani, Texas na majirani zake, wanataga na kufa. Watoto wao wanasogea kaskazini. Wajukuu wanasogea tena. Wanaorudi Michoacán mwezi wa Novemba ni vitukuu au vilembwe, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona mlima ule. Hakuna mzee wa msafara. Hakuna Bombay.

Fred Urquhart alizaliwa Toronto mwaka 1911. Alikuwa mtoto wa kufuata wadudu, na swali lake lilikuwa la kitoto kwelikweli: baridi ikija, hawa vipepeo wanaenda wapi? Mwaka 1937 akaanza kulitafutia jibu kwa utaratibu. Njia pekee aliyoiona ni kumwekea kipepeo alama na kuomba Mungu kwamba mtu fulani, mahali fulani, atamwokota. Fikiria ugumu wake. Bawa la kipepeo ni la unga, gundi haishiki, na uzito ukizidi haruki. Vibandiko vya kwanza, vya gundi ya kulowanisha kama stempu, vilibanduka mvua iliponyesha. Baadaye akapata karatasi ya kunata ya aina ile inayobandikwa bei kwenye bidhaa za dukani, na hiyo ikashika. Kila kibandiko kilikuwa na namba na maneno machache ya kumwomba atakayekiona akipeleke Chuo Kikuu cha Toronto.

Mkewe Norah, waliyefunga naye ndoa mwaka 1945, ndiye aliyeugeuza utafiti wa mtu mmoja kuwa wa umma. Mwaka 1952 aliandika makala kwenye gazeti la mambo ya asili akiomba watu wa kawaida wasaidie kubandika alama. Walijitokeza wachache, kisha mamia, hatimaye maelfu: walimu, watoto wa shule, wakulima, wastaafu. Barua zikawa zinamiminika nyumbani kwao, nyingine na mabawa ndani. Wakichora mistari kwenye ramani, mistari ilitoka kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi, ikaingia Texas, ikavuka mpaka wa Meksiko, ikapotea.

Ndipo Norah akaandika kwenye magazeti ya Meksiko. Mwaka 1973 akajibu Ken Brugger, mhandisi aliyekuwa akiishi Mexico City. Alijitolea kuzunguka na gari lake. Kitu ambacho huwa kinanichekesha ni kwamba Ken alikuwa na upofu wa rangi: huyu ndiye aliyetumwa kumtafuta kipepeo wa rangi ya chungwa. Lakini alikuwa na Catalina. Catalina alizaliwa Michoacán, alipenda vipepeo toka utotoni, aliongea Kihispania cha watu wa pale, alijua namna ya kumsalimia mzee kabla ya kumuuliza njia. Kwa miezi na miezi walipita vijijini wakiwauliza wakulima na wakata miti. Mmewaona vipepeo hawa? Wengi wao wako upande gani? Majibu ndiyo yaliyowapandisha Cerro Pelón.

Januari 1976 Fred na Norah walikwenda wenyewe. Fred alikuwa na miaka 64, moyo wake haukuwa mzuri, na mlima si wa mchezo. Alipokaa kupumzika, tawi la msonobari lilikatika kwa uzito wa vipepeo likaanguka karibu naye. Akapekua lile rundo. Kwenye bawa la mmoja akaona kibandiko cheupe: PS 397. Baadaye ilijulikana alibandikwa Agosti 1975 na mwalimu mmoja wa Chaska, Minnesota, pamoja na wanafunzi wake wawili. Karibu kilometa 3,000 kwa mstari mnyoofu. Ungeandika tukio hilo kwenye riwaya, mhariri angekurudishia akisema umezidisha.

Agosti 1976 jarida la National Geographic likaitoa habari hiyo duniani. Kwenye jalada yupo mwanamke kijana katikati ya vipepeo, wengine wamemtua mwilini, anatabasamu. Ni Catalina. Jina lake halimo kwenye jalada. Ndani ya makala anatajwa, lakini zaidi kama mke wa Ken, msaidizi mzuri aliyemwongezea mumewe nguvu. Kwa miaka mingi, habari iliposimuliwa, walikuwepo profesa, mke wa profesa na Mmarekani mwenye gari. Ilipotoka filamu ya mwaka 2012 kuhusu ugunduzi huo, watatu hao walikuwa wamefariki, naye ndiye pekee aliyebaki wa kusimulia alivyoyaona kwa macho yake. Wapo waliomsikia kwa mara ya kwanza hapo.

Urquhart hakusema mlima uko wapi. Aliogopa watu watavamia, na labda, niseme tu ninavyoona, aliogopa pia kunyang'anywa. Lincoln Brower, yule wa ndege anayetapika, aliomba aelekezwe, akanyimwa. Basi akashirikiana na Bill Calvert wa Texas, wakaunganisha vidokezo vilivyoponyoka kwenye maandishi ya Urquhart mwenyewe: mlima wa volkano, Michoacán, kimo cha mita 3,000 na zaidi kidogo. Mwisho wa mwaka 1976 Calvert alifika Sierra Chincua na kukuta koloni lingine kubwa. Uhusiano wa watafiti hao haukupona tena. Miaka mingi watu wazima wenye shahada walinuniana kwa ajili ya siri ambayo mchunga mbuzi yeyote wa Angangueo angeitoa bure.

Na hapa ndipo kwenye kona niliyoitaja. Watu wa milima ile, Wamazahua na majirani zao, walikuwa wanawaona vipepeo miaka yote. Wanafika mwanzoni mwa Novemba, siku zile Wameksiko wanapowakumbuka marehemu wao, na wapo wanaoamini kuwa ni roho za waliotangulia zimekuja kusalimia. Wengine, wakulima, waliwaita wavunaji kwa kuwa walifika mahindi yakiwa tayari. Kwa hiyo kusema mahali pale palikuwa hapajulikani ni kusema uongo.

Lakini waulize watu hao hao, mwaka 1970, vipepeo wanatoka wapi na Machi wanakwenda wapi. Hapo hawakuwa na jibu. Na mtoto wa Minnesota aliyewaona Agosti bustanini hakujua wanakoelekea. Kila upande ulishika ncha moja ya kamba na kudhani ndiyo kamba yote. Kilichopatikana mwaka 1975 si mlima, ni kamba. Speke hakuwaambia wavuvi wa Nyanza jambo kubwa walilokuwa hawalijui kuhusu ziwa lao. PS 397 aliwaambia watu wa Michoacán na watu wa Chaska jambo ambalo wote wawili hawakuwa nalo, na isingewezekana bila wote wawili. Ndiyo maana inauma zaidi kuona majina yaliyoandikwa ni ya ncha moja tu.

Kuna mtu mmoja wa ncha ile nyingine ambaye aliandika mwenyewe. Homero Aridjis, mshairi, alizaliwa mwaka 1940 katika mji mdogo wa Contepec, Michoacán, chini ya mlima Altamirano. Utotoni kwake vipepeo walikuwa sehemu ya mwaka, kama ilivyo kwetu masika: wanakuja, wanajaa mlimani, siku za jua wanashuka hadi mitaani kutafuta maji, kisha wanaondoka. Alipokuwa na miaka kumi alijipiga risasi ya tumbo kwa bahati mbaya akichezea bunduki ya nyumbani, akalazwa muda mrefu, akaanza kusoma vitabu. Ndivyo mshairi alivyopatikana. Utoto huo aliuweka kwenye riwaya yake ya mwaka 2000, ambayo jina lake lina maana ya mlima wa vipepeo.

Aridjis hakuishia kwenye kuandika. Alipokuwa mkubwa alirudi akakuta misitu ya kwao inakatwa. Mwaka 1985 alianzisha na wenzake Kundi la Mia, wasanii na waandishi waliopaza sauti kwanza dhidi ya moshi wa Mexico City, kisha kwa ajili ya vipepeo, kasa na nyangumi. Aliwabana wakubwa hadi Oktoba 1986 rais wa Meksiko akatoa amri ya kulinda milima mitano, Altamirano ikiwemo, jumla ya hekta 16,110. Najua waandishi wengi wanaosaini matamko. Wanaofanikiwa kusimamisha msumeno ni wachache.

Ila amri ile ilikuwa na tatizo lake, tena kubwa. Sehemu kubwa ya milima ile si mali ya serikali. Ni ejido, ardhi ya pamoja ambayo wanakijiji walipewa kufuatia Mapinduzi ya Meksiko. Msitu ulikuwa kuni zao, mbao zao, ada za shule. Siku moja wanaambiwa: hapa katikati msikate tena. Fidia ya maana haikuwepo. Wapo waliokasirika wakakata kwa hasira, na magenge ya magogo nayo yakaingia usiku. Mwaka 2000 hifadhi ilipanuliwa hadi hekta 56,259, na safari hii ukaundwa mfuko wa kuwalipa wanakijiji kwa kuacha miti isimame. Mwaka 2008 UNESCO ikaiweka hifadhi hiyo kwenye urithi wa dunia.

Mti wenyewe ndio kila kitu. Ni msonobari wa aina ya oyamel, unaostawi kwenye ubaridi na ukungu wa kimo kile. Calvert na Brower walionyesha kwamba msitu mnene unafanya kazi ya blanketi na mwavuli kwa pamoja: usiku unazuia joto lisitoroke, mvua ikinyesha unamkinga kipepeo asilowe. Kipepeo mkavu anavumilia baridi kali, aliyelowa anaganda upesi. Ukikata miti michache tu, umetoboa blanketi. Januari 2002 ilinyesha mvua kubwa, ikafuatiwa na baridi ya kuganda, na katika makoloni mawili makubwa karibu robo tatu ya vipepeo walikufa. Waliokwenda baada ya dhoruba walitembea juu ya mazulia ya mabawa.

Msomaji wa kwetu akitaka kuuelewa mvutano huu, asiende mbali. Tangu 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, wamekuwa wakifuga viwavi na kuuza pupa nje kupitia mradi uitwao Kipepeo pale Gede, ili msitu uwe na faida ukiwa umesimama. Amani, Tanga, wakafanya vilevile. Mwaka 2016 Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, pupa nao wakajikuta ndani ya marufuku, na akina mama waliozoea kulipia shule kwa vipepeo wakabaki wanatazama vizimba. Amri hutiwa saini ofisini siku moja, na hesabu yake hulipwa kijijini miaka kadhaa.

Homero Gómez González alitoka upande ule ule wa hesabu. Familia yake iliishi kwa kukata miti, na yeye mwenyewe aliwahi kukata. Baadaye akaona kwamba watalii wanaokuja kuangalia vipepeo wanaweza kulisha kijiji, akageuka, akawa kiongozi na mtetezi mkubwa wa eneo la El Rosario. Alikuwa na masharubu, na video zake mtandaoni zilimwonyesha kasimama katikati ya mvua ya mabawa akiwakaribisha watu waje. Tarehe 13 Januari 2020 alipotea. Tarehe 29 mwili wake ulikutwa kwenye kisima. Uchunguzi ulionyesha alikufa maji, na alikuwa na jeraha kichwani. Siku chache baadaye mwongoza watalii mwingine wa hifadhi hiyo, Raúl Hernández Romero, naye akakutwa ameuawa. Michoacán ni jimbo la parachichi, magogo na magenge yenye silaha, na msitu uliosimama ni pesa ambayo mtu fulani hajaichukua.

Lakini tusiwabebeshe watu wa milimani mzigo wote. Huko kaskazini, kwenye mashamba makubwa ya mahindi na soya ya katikati ya Marekani, mmea wa utomvu ulikuwa unaota kama gugu katikati ya mistari. Miaka ya 1990 ilipoingia mbegu inayovumilia dawa ya kuua magugu, wakulima wakawa wanapulizia shamba zima, na mmea ule ukafutika kwenye maeneo mapana sana. Kiwavi asiye na jani hafiki popote, hata kama Michoacán wasingekata mti mmoja. Watalii wa kaskazini wanaokwenda El Rosario na kuuliza kwa nini wanakijiji hawajali wangefaa waulizwe swali hilo hilo kwao.

Vipepeo hawahesabiwi mmoja mmoja, haiwezekani. Kila msimu, Desemba, watu wa hifadhi na wataalamu wanapita milimani kwa miguu na kupima eneo la miti iliyofunikwa. Msimu wa 1996–1997 zilikuwa hekta 18.19. Msimu wa 2013–2014 ikawa hekta 0.67, yaani karibu vipepeo wote wa mashariki mwa Amerika Kaskazini wangetosha ndani ya uwanja mmoja wa mpira na nafasi ingebaki. Zilipanda hadi 6.05 msimu wa 2018–2019, zikashuka hadi 0.90 msimu wa 2023–2024, na mwaka uliofuata zikawa 1.79. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza monaki aingizwe kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Joto nalo linapanda, na oyamel hapendi joto. Mtafiti Cuauhtémoc Sáenz-Romero wa chuo kikuu cha Michoacán na wenzake wamekuwa wakipanda miche juu zaidi, ikiwemo kwenye mlima wa volkano wa Nevado de Toluca, ulioko jimbo jirani, wakishirikiana na wanakijiji wa huko. Miche wanaipanda chini ya vivuli vya vichaka vya pale pale, ili jua lisiiunguze ikiwa michanga. Oyamel huchukua miongo kadhaa kufikia urefu wa kubeba vipepeo. Wanaoipanda sasa wanaipanda wakijua hivyo.